Flaiwili Mliyoniambia Imekufa

Zaina mwanangu,

Ya shuka, ya chandarua, ya kuchemsha maji na ya kutokopakopa dukani umeshayasikia kwangu wiki nzima, mpaka ukaanza kunijibu kabla sijamaliza kusema. Humu hayamo. Naandika alasiri hii wakati umekwenda kumuaga bibi yako, na ninavyomjua mama yangu, hatakuachia mpaka akusimulie ukoo mzima kuanzia kaburi la kwanza. Kwa hiyo nina nafasi.

Barua hii nitakupa dirishani basi likiwa limeshawashwa. Nimepanga hivyo makusudi, usipate mwanya wa kushuka kubishana na mimi. Na najua unaposoma hapa umeninunia. Utakuwa umeamka ukalikuta gari uani, kirikuu chetu kilekile, kigari cha mizigo mlichoniambia nikizike, nami nimekaa kwenye usukani na kitenge changu cha sikukuu, nakwambia pakia mabegi twende stendi. Ukanitazama kwa jicho lile la marehemu baba yako, ukapanda, ukabamiza mlango, na kutoka kwetu Handeni mpaka Korogwe hutakuwa umeniambia zaidi ya "ndiyo mama" na "hapana mama". Unadhani nimeichonga flaiwili kwa ubishi wangu, kama ile mara ya kwanza. Haya, umeshanuna, sasa soma.

Najua mlilolipanga wewe na Fundi Maganga.

Tulia, sijakasirika. Yaani nilikasirika, tena sana, nikashinda bila kula, halafu hasira ikanitoka nikabaki nacheka peke yangu jikoni kama niliyerogwa. Nitakueleza ilivyokuwa. Lakini niruhusu nianzie mbali, kwa sababu gari hili unalijua kwa upande wako, na upande wangu sijawahi kukuonyesha vizuri.

Baba yako alipofariki ulikuwa bado unanyonya kidole. Gari lilibaki nyuma ya nyumba, kuku wakaanza kutagia humo. Wakaja watu wenye huruma, kila mmoja ananiambia mwanamke hataliweza, bora alichukue yeye alitunze. Huruma ile iliniudhi karibu kama msiba wenyewe. Nikaenda uwanja wa mpira wa shule, nikampa kijana mmoja machungwa anifundishe, na kila gari lilipozimika watoto walinizomea. Kwa kuogopa kuzomewa nikaokota tabia ambayo mpaka leo napambana nayo: mguu wangu wa kushoto hautoki kwenye klachi. Naibonyeza nusu. Kwenye mwinuko siweki breki, nalishikilia gari kwa klachi. Gulioni nikisubiri njia, nusu. Nikiongea na mtu dirishani, nusu.

Nusu hiyo ndiyo imetuunguzia vyuma. Wewe ni muuguzi, gari umelijua kwa kulisukuma, basi nikueleze. Nyuma ya injini kuna sahani nene ya chuma, ndiyo flaiwili. Pleti ya klachi inakuja kuikamata, vikishikana gari linaondoka. Ukibonyeza klachi yote vinaachana, ukiachia yote vinashikana. Ukibonyeza nusu vinasuguana, vinapata moto, na ule uso wa flaiwili unaotakiwa uwe laini unapata michirizi, halafu madoa ya bluu ya kuungua, halafu nyufa. Hapo mwenye gari anatakiwa aamue. Aipeleke kwa mchongaji ikapunguzwe uso mpaka iwe laini tena, au aitupe aweke nyingine. Ukiichonga ambayo bado nzima, umeokoa. Ukiichonga iliyokwisha pasuka, umejidanganya, maana nyufa zinabaki na chuma kimezidi kuwa chembamba. Kujua ipi ni ipi ndiyo kazi.

Na nisikufiche, hiyo nusunusu haikuwa ya kwenye gari tu. Ulipokuwa darasa la tatu kulikuwa na baba mmoja wa Makuyuni, mkulima, mtu mwenye swala zake na maneno machache, alinitaka. Sikumkataa na sikumkubali. Nilimwambia nafikiria, na nikafikiria mavuno mawili. Kila akija nampikia, kila akiuliza namwambia bado. Mwisho akaniaga kwa adabu, akaoa kwingine, na nilikuwa nalia huku namwambia kila mtu kwamba sikuwa na shida naye. Alikuwa mtu mwema, nilimchosha bure. Wewe mtu akikutaka mjibu. Hata likiwa hapana, mjibu aende zake.

Turudi kwa fundi. Maganga unamjua tangu ulipokuwa unalala kwenye matairi gerejini kwake pale Korogwe, nikisubiri gari. Babu yake alikuja kukata mkonge, akitokea hukohuko Tabora unakokwenda, na ukoo wao haukurudi tena. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzigua, kwa hiyo ni watani, na utani wetu hauna uzio. Siku ya kwanza nilipomfikia aliniuliza Mzigua gari la nini, wakati kwetu Handeni kila nyumba ina ungo wa kurukia. Nikamwambia anyamaze huko, mpagazi, ukoo mzima ni mabega ya kubebea mizigo ya watu. Tangu siku hiyo sijapata salamu ya adabu kwake. Tulipomzika babu yako alikuja akaingia kaburini, akakaa humo akagoma kutoka mpaka apewe kuku, na watu waliokuwa wanalia wakacheka, nami nikacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie. Kwa kuku yule nitamshukuru mpaka kufa.

Lakini utani huohuo ndio ulioniponza. Unakumbuka ulipokuwa kidato cha pili, gari likawa linatetemeka kila nikiliondoa, mpaka meno yanagongana. Nikampelekea. Akashusha gia boksi, akaitoa flaiwili, akaigeuzageuza, akaniambia Mzigua, hii imekufa, ukiichonga utakuwa unamvalisha maiti kanzu mpya. Nikacheka mpaka nikajishika mbavu. Nikamjibu kwamba Wanyamwezi wanapenda mazishi kwa sababu wanapenda pilau, akachonge haraka nina mzigo. Akacheka na yeye, akaibeba kwa mchongaji. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya pale. Yeye alijua ameniambia, mimi nilijua ananitania.

Yaliyofuata unayajua, ila sikiliza ninavyoyajua mimi. Tulikwenda Magoma kuchukua nyanya za mama mmoja mfanyabiashara, mzigo wake wa kwanza kwangu, matenga yamepangwa mpaka juu. Mvua ikatukuta njiani. Tulipofika kile kilima kabla ya Kerenge, injini ikawa inalia na gari haliendi. Harufu ya kuungua ikajaa ndani. Nikaongeza moto, likasimama, halafu likaanza kurudi nyuma. Nikakanyaga breki, matairi yakasimama, lakini tope likawa linatuteremsha hivyohivyo. Wewe ulikuwa umeshashuka na lile jiwe letu la kigingi. Nikakuona kwenye kioo cha pembeni, umepiga magoti nyuma ya gari lile na mzigo wote ule, unalisukumia jiwe chini ya tairi kwa mikono miwili. Nikapiga kelele utoke. Hukutoka. Gari likasimama, tairi la upande wa pili limening'inia kwenye korongo.

Nilishuka. Na unajua nilifanya nini? Nilicheka, nikakwambia utingo wangu sasa umekomaa. Ukanitazama, ukakaa chini kwenye tope ukalia, na hukusema na mimi mpaka kesho yake. Nikajiambia mtoto analia baridi. Miaka yote hii kikao kikichangamka nalisimulia tukio lile, jinsi Zaina alivyopakaa tope mpaka masikioni, na watu wanacheka, na wewe unanyanyuka unakwenda jikoni. Sikuwahi kujiuliza kwa nini unakwenda jikoni.

Watu wa Kerenge walitoka na majembe, Mungu awalipe. Walifukua, wakasukuma, wakatushushia matenga. Mama mmoja akakuvua nguo mbichi akakufunga khanga yake, akatupa ugali wa bada, ule wa unga wa muhogo, na dagaa, na khanga akakataa tuirudishe. Nyanya ziliponda karibu nusu. Nilikwenda kwa mwenyewe nimejiandaa kutukanwa, akaniuliza kwanza kama mtoto yuko salama, kisha akasema nyanya atalima nyingine. Mzigo hakunipa tena, na alikuwa na haki, lakini swali lake lile la kwanza sijalisahau. Ukihesabu watu waliokulea, usiishie kwangu.

Gari lilipovutwa mpaka gerejini na flaiwili ikatolewa, ilikuwa imepasuka kama udongo wa mbugani wakati wa kiangazi. Nikamjia juu Maganga, kwa nini hukuniambia. Akasema aliniambia. Nikamwambia ulikuwa unanitania. Akaweka spana chini.

"Mzigua," akasema, "mimi nakutania kwenye salamu. Kwenye chuma sijawahi kukutania."

Tukakubaliana siku ileile kwamba kuanzia hapo, likija jambo zito la gari, asinisimulie. Anishikishe. Akanifundisha kupitisha ukucha juu ya flaiwili taratibu. Ukucha ukipita kwenye mchirizi ukaruka tu, hilo ni kovu la juu, mchongaji analimaliza. Ukucha ukinasa kwenye kitu chembamba kama unywele, huo ni ufa, usibishane nao. Halafu uangalie meno ya pembeni kama mazima, halafu apime unene. Tangu siku ile hajawahi kuniambia jambo la gari langu bila kuuvuta mkono wangu. Na mimi tangu siku ile sijawahi kubisha kitu nilichokishika.

Hiyo shika nayo huko uendako. Utafika Tabora, wakijua tu wewe Mzigua watakuuliza ungo umeuegesha wapi. Watakutania sokoni, watakutania wodini, na wewe wajibu, usiwe mnyonge, usije ukatuaibisha. Lakini mzee akikwambia kwa kicheko kwamba tumbo lake limeshaanza kuchimba kaburi, usicheke ukapita. Cheka, halafu mguse hapo tumboni. Mimi nilicheka nikapita, na bei yake ilikuwa karibu iwe wewe.

Sasa wiki hii. Gari lilianza tena kutetemeka, nikalipeleka kwa Maganga, nikarudi nyumbani. Sikujua kama baadaye ulipita kwake. Nilipokwenda kuliangalia, kabla sijafika mlangoni, Fundi Maganga alisimama. Akafuta mikono. Akasema, "Karibu, Mama Zaina. Habari za nyumbani?" Nikageuka nyuma nione anasalimiwa nani.

Hakuna ungo, hakuna uchawi, hakuna kitu. Akanivutia kigoda. Akaanza kunieleza kwamba flaiwili imekwisha, ina nyufa mpaka kwenye matundu ya bolti, haichongeki, na nyingine ya gari hili siku hizi haipatikani, na kwa umri wa gari na wangu, bora nilipumzishe. Aliongea bila kunitazama, kama mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni. Nikamwambia haya, nishikishe. Akasema iko kwenye gunia. Nikamwambia gunia linafunguliwa. Akasema ina mafuta, nitachafua nguo. Zaina, mtu huyu amenipaka grisi usoni mbele ya wateja wake zaidi ya mara moja, leo anahofia nguo zangu.

Nikalifungua gunia mwenyewe. Nikapitisha ukucha, pole pole, mzunguko mzima, nikarudia. Michirizi ipo. Madoa ya bluu yapo, ya mguu wangu huo. Ufa hakuna. Meno yote yapo. Nikakaa kwenye kigoda alichonivutia, nikamtazama mpaka akatazama chini.

"Nani amekutuma, mpagazi?"

Akafuta mikono tena. "Mwanao. Na usinitazame hivyo, Mzigua, nilimwambia sitaweza."

Kwa kweli hakuweza. Mwanangu, kati ya watu wote wa Korogwe umechagua mtani wangu aje anidanganye kwa adabu. Ungemwambia anitukane kidogo kwanza, ningeamini yote. Umesoma, una cheti, lakini uongo hujui, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Hapo ndipo nilipokasirika. Nilirudi nyumbani nimefura. Nikasema huyu mtoto nimemsomesha kwa gari hili, machungwa ya Handeni na mpunga wa Magoma ndivyo vilivyomvalisha sare, leo anapanga na watu kunivua usukani kama wale waliokuja na huruma zao baba yake alipokufa. Ulinipakulia chakula nikakwambia nimeshiba. Ukaniuliza kama naumwa, nikakwambia mguu. Ulikuwa unanitazama kwa wasiwasi ukidhani nalilia gari. Nilikuwa nakulilia wewe, kwa hasira.

Kesho yake asubuhi nikarudi gerejini kumalizana naye. Nikamuuliza ulimwambia nini hasa. Hakutaka kusema, nikakaa palepale njiani kwake asipite. Ndipo akaniambia. Akasema ulikaa kwenye matairi yale uliyokuwa unalalia, ukamwambia hivi: "Fundi, kila mvua ikinyesha usiku namwona mama anarudi nyuma kwenye kile kilima. Nikiwa Tabora, nani atamwekea jiwe?"

Nikatoka nje ya gereji ile nikasimama pembeni ya barabara na magari yanapita, na sikuona hata moja.

Yaani miaka yote hii, mimi nasimulia kichekesho, wewe unalisukuma jiwe. Ndiyo maana unakwenda jikoni. Nikatamani nirudi kwenye lile tope nisicheke, nikukumbatie, nikwambie nimeogopa, maana niliogopa mno, nilicheka kwa sababu nilikuwa natetemeka na sikutaka uone kwamba mama yako anatetemeka. Nilidhani nakulinda. Kumbe nilikuacha uogope peke yako. Hilo nakuomba unisamehe. Na asante, Zaina. Asante kwa kutotoka nilipokupigia kelele utoke. Sijawahi kukushukuru kwa hilo hata siku moja, nilikushukuru kwa kuchota maji na kuosha vyombo, na kwa hilo kubwa nikafanya mzaha. Asante kwa uhai wangu.

Nikarudi ndani. Nikamwambia Maganga sasa uongo umekwisha, niambie kazi. Akachukua kipimo chake, akapima unene mbele yangu, akanionyesha. Akasema chuma bado kipo, mchongaji atakitoa makovu na yale madoa, kitakaa miaka, na kama gari lingekuwa lake angechonga, wala asingefikiria mara mbili. Nikaishika tena. Nilikubaliana naye. Mkono wangu ulisema chonga, akili ilisema chonga, na unajua ninavyochukia kutupa kitu kizima. Nikamwambia haya, ipeleke. Akaibeba begani, akafika mlangoni.

Nikamwita. Nikamwambia airudishe, atafute nyingine.

Akadhani namtania. Akaniambia Mzigua, acha michezo, chuma hiki hakina kosa. Nikamwambia najua hakina kosa. Akasema sasa? Nikamwambia mimi nikiendesha iliyochongwa nitakuwa salama, wewe na mimi tunajua. Lakini kuna mtu hatajua. Yeye aliona iliyochongwa ilichomfanyia mama yake, na huko aendako hakuna wa kumvuta mkono aishike. Kila wingu likijifunga atakuwa amekaa kitandani hajalala. Akaiweka chini, akasema yeye ana mabinti, ameelewa, na akaongeza kwamba hata hivyo Wazigua akili zao anazijua mwenyewe aliyewapa. Nikajua tumerudiana.

Hiyo ya kutokupatikana nayo ilikuwa uongo wenu. Ilipatikana, imetoka kwenye kirikuu kimoja kilichogongwa ubavuni injini haikuguswa. Tuliilaza pembeni ya ile ya zamani, tukalinganisha matundu ya bolti na meno. Nikapitisha ukucha mzunguko mzima, ukapita bila kunasa mahali. Tukaweka na pleti mpya ya klachi, kwa sababu pleti iliyokwisha umbika na makovu ya zamani itaharibu uso mzuri. Usiniulize nimeuza nini. Mbuzi walikuwa wamezidi hata hivyo, walikuwa wanamaliza mihogo ya jirani.

Ulichokitaka wewe, kwamba niache gari, sikukupa. Sitakupa. Ningali na nguvu, napenda kazi yangu, napenda kufika gulioni watu wakasema Mama Zaina kafika. Nikilaza gari nitakuwa nakupigia simu mara tano kwa siku kukuuliza umekula nini, utajuta. Nilichokitaka mimi nacho nimekiacha kwa fundi kwenye gunia. Na masika siendi Magoma. Mvua zikianza nabaki na mizigo ya huku juu kwenye lami, hata anipigie nani. Hilo nimelisema mbele ya Maganga, na ameapa kwamba akiliona gari langu njia ya Magoma kwenye mvua atanitangaza mchawi soko zima.

Siku nyingine ukiwa na neno zito kwangu, njoo nalo mwenyewe. Nitafoka. Unanijua, nitafoka, nitakwambia umekua juzi tu. Wewe kaa hapohapo, usiende jikoni. Subiri nimalize kufoka, halafu nisemeshe tena. Mara ya pili nasikia.

Basi lenu sasa litakuwa limeshapita Mombo, unaona mkonge pande zote na milima mkono wa kulia. Mimi nitakuwa narudi Handeni peke yangu, mguu wa kushoto nimeuweka sakafuni. Nitasahau, nitaukuta umepanda tena kwenye klachi, nitaushusha. Mwenyezi Mungu akufikishe kwa watani zetu salama, akupe mikono ya upole na bosi mwenye haya.

Ile flaiwili ya zamani ilikuwa inachongeka, mwanangu. Chuma hakikudai kibadilishwe. Wewe ndiye uliyedai, na wewe ndiye niliyekusikiliza. Kwa hiyo acha kununa, ule, na mvua ikinyesha huko usiku, jifunike ulale. Na mimi huku nitakuwa nimelala.

Mama yako